Mvua sifuri na mvua isiyopimwa

Jioni hii nimeketi na mifululizo miwili ya mvua kwenye pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data. Mmoja niliunakili kutoka daftari la mzee anayepima mvua kwa mkono uani kwake. Mwingine umetoka kwenye kipimo cha kielektroniki kilichofungwa shamba la jirani. Kuna miezi vyote viwili vilifanya kazi, kuna miezi kilifanya kimoja tu. Na kuna Aprili moja, masika yamekolea, daftari tupu na betri ya kile kingine imekufa.

Wes McKinney alianza kuiandika pandas mwaka 2008 akiwa AQR, kampuni ya uwekezaji, na anayefuatilia bei kila siku anajua kwamba tarehe ndiyo kila kitu. Ukijumlisha mifululizo miwili, thamani hazikutani kwa nafasi bali kwa lebo: Machi 3 inaitafuta Machi 3. Ikikosekana, jibu ni NaN, alama ya thamani isiyopo.

Ila mvua ileile ikipimwa na wawili haiwi maradufu, kwa hiyo kujumlisha hakufai. Amri ya concat nayo ingebandika mmoja chini ya mwingine, na siku zilizopimwa kote kuwili zingejirudia. (append ya zamani, iliyobandika vivyo hivyo, iliondolewa kwenye toleo la 2.0, mwaka 2023. Siililii.) Iliyonifaa ni combine_first: wa kwanza anasema, wa pili anajaza penye pengo. Nani atangulie, hilo kompyuta haikuamulii. Nimemtanguliza mzee, maana chombo chake husafishwa. Kile cha kielektroniki buibui wameshakifanya nyumba.

Ikabaki Aprili. Wenye haraka huandika fillna(0), yaani jaza kila pengo kwa sifuri, wakaenda kulala, lakini sifuri inasema halikudondoka tone, ilhali NaN inasema hakuna aliyepima. Na hata ukiiacha NaN ilivyo, sum, amri ya kujumlisha, huiruka kimyakimya: tangu toleo la 0.22, mwezi mzima wa NaN jumla yake ni 0. Masika bila mvua! Atakayeiona grafu atatangaza ukame.

Dawa ni min_count: idadi ya chini ya siku zilizopimwa, isipofikiwa sum hujibu NaN. Ukiweka 1 unauokoa mwezi mtupu kabisa, lakini mwezi wenye siku nne tu bado utajidai kamili. Nimeweka 25. Kwa nini si 20? Nimeona tu inatosha.

Kesho nampigia mzee. Huenda ana daftari jingine la mwaka ule.