Mlango wa kioo bafuni: anza na tepu, picha baadaye

Wengi huchagua mlango wa kioo wa shawa kwa picha waliyoiona kwenye simu: fremu nyeusi, mshikio mrefu, kioo kimoja kipana. Fundi akifika anakuta choo kimekaa pale pale mlango unapotakiwa kufungukia, au ukuta umelala sentimita nzima kutoka juu hadi chini. Nafasi, ukuta na maji ndivyo vinavyoamua mtindo. Hayo maji yanasahaulika zaidi, na kwa nyumba za Pwani zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi ndiyo yanayoua milango mingi.

Chukua bafu la masta la futi 5 kwa 8, yaani kama sentimita 152 kwa 244. Shawa inakaa mwisho wa chumba, ikichukua upana wote wa 152 na kina cha 90. Hapo mtindo bora kwa maoni yangu ni kioo kilichosimama tu, kisichofunguka: kioo cha sentimita 85 upande lilipo bomba, na sentimita 67 zinaachwa wazi za kupita. Hakuna bawaba wala reli wala mpira wa kubadilisha. Ila kichwa cha shawa lazima kielekee chini, sio mlalo, la sivyo maji yatafika kwenye uwazi. Sakafu ya ndani nayo iwe na mteremko wa kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Juu ya kioo funga fito ya chuma inayokwenda hadi ukutani. Bila fito kioo cha milimita 8 kitayumba kila kikiguswa, na silikoni ya chini itaachia.

Kama maji yakiruka nje yanakukera, au bafu lina baridi, ongeza mlango wa bawaba kwenye uwazi huo. Ufungukie nje, ili mtu akianguka ndani asiuzuie kwa mwili wake. Ufungie kwenye ukuta ulio mkabala na choo. Choo cha kukaa hutokeza kama sentimita 70 kutoka ukutani, kwa hiyo kwenye upana wa 152 zinabaki 82, na mlango wa 65 unazunguka bila kugusa kitu. Kabla ya kulipa, kata boksi kwa upana wa mlango, lizungushe sakafuni, kisha fungua na mlango wa bafu lenyewe uone kama haigongani. Mlango wa bawaba ukizidi sentimita 80 unaanza kuzichosha bawaba, hata zikiwa nzuri.

Mlango wa kuteleza kwenye reli ni wa mahali ambapo hakuna namna nyingine. Kwenye uwazi wa sentimita 120, vioo viwili vinavyopishana vinakuachia kama sentimita 50 za kupita, kwa hiyo mtu mnene au anayemwogesha mtoto atapata shida. Reli ya chini hukusanya sabuni, nywele na chokaa ya maji; vigurudumu vikishaganda watu huusukuma mlango kwa nguvu na kuutoa kwenye njia. Ukilazimika, tafuta ule ambao vigurudumu vyake viko juu na chini kuna kishikizo kidogo tu, bila mfereji.

Kioo chenyewe kiwe temperedi, yaani kilichokomazwa kwa joto kwenye tanuru, hili halina mjadala. Kioo cha kawaida cha dirisha kikivunjika hutoa vipande virefu vinavyokata kama kisu; temperedi humeguka punje punje. Tafuta muhuri mdogo kwenye kona, na usiupokee mzigo usio nao kwa maneno tu. Uzito ni hesabu rahisi: kila mita ya mraba ni kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Mlango wa sentimita 65 kwa 200 una kilo 26 ukiwa wa milimita 8, na kilo 32.5 ukiwa wa milimita 10. Milimita 8 inatosha nyumba nyingi. Milimita 10 ina uthabiti mzuri kwa kioo kisicho na fremu, lakini bawaba zake ziwe zimeandikiwa uzito huo.

Kuhusu bawaba, usibane pesa. Zile za bei rahisi ni zinki iliyopakwa kromu. Chumvi ikipenya kwenye mkwaruzo mmoja, rangi inavimba na kubanduka. Shaba iliyopakwa kromu hudumu zaidi, na utaitambua kwa uzito ukiishika mkononi pamoja na ya zinki yenye ukubwa ule ule. Ukitaka chuma kisichoshika kutu, karibu na bahari omba daraja la 316. Daraja la 304 linafaa bara, lakini Pwani hutoa madoa ya kahawia.

Sasa mpangilio wa kazi, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Temperedi haikatwi wala kutobolewa ikishatoka kwenye tanuru. Matundu na mikato yote ya bawaba na mshikio hufanywa kabla. Kwa hiyo nunua bawaba kwanza, umpe fundi kioo vipimo vya mikato yake, ndipo akate. Na vipimo vya ukuta vichukuliwe baada ya tailizi kukauka: chini, katikati na juu, ukitumia upana mdogo kuliko yote. Angalia ukuta kwa timazi. Ukiwa umelala milimita chache, chaneli ya alumini, ule mfereji unaoshika ukingo wa kioo ukutani, itaficha. Ukizidi hapo, kioo kikatwe kwa mshazari kufuata ukuta. Kwenye mlango acha milimita 3 hadi 5 upande wa bawaba na kama 10 chini.

Wakati wa kufunga, tailizi ya poselini itobolewe kwa biti ya almasi na maji, drili ikiwa haigongi. Kona ya temperedi ikigusa tailizi hata kidogo, kioo kizima kinaweza kulipuka, kwa sababu ukingo ndio udhaifu wake. Kilaze juu ya mbao au boksi, na chini ya kioo weka vipande vya plastiki vya milimita 3. Chuma cha bawaba kisiguse kioo moja kwa moja. Mpira wake lazima uwepo katikati. Silikoni iwe ya bafuni, isiyo na harufu ya siki, maana ile yenye asidi hula metali. Ipakwe upande wa nje wa chaneli tu, ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea kurudi ndani. Usioge kabla ya saa 24.

Kioo chenye ukungu kinaficha madoa, lakini uso uliopigwa mchanga huelekezwa nje. Ukiwa ndani hushika sabuni na hausafishiki.

Kwa maji ya chumvi, futa kioo kwa mpira wa madirisha kila baada ya kuoga. Chokaa ikishaganda, tumia siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 10, suuza. Siki isifike kwenye terazo wala marumaru, kwani huzila. Mpira wa chini ya mlango utageuka njano na kukakamaa kabla ya kitu kingine chochote. Huvutwa tu ukatoka. Nenda na kipande chake kidogo dukani wakupe unaolingana na unene wa kioo, wa 8 haukai kwenye 10.