Mawazo tu

Neno lenyewe ni "tu". Silabi moja, nayo imeninyima usingizi tangu Jumapili.

Wifi alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, akasema kama anayesimulia habari za jirani: "Wifi, moyo wangu siku hizi unarukaruka kama samaki kwenye ndoo." Nami, ambaye kazi yangu ni kushika viganja vya wagonjwa, nikajibu bila hata kugeuka kutoka jikoni: "Mawazo tu hayo, wifi." Akasema, "Haya." Akaendelea na mchele.

Mnaomjua wifi mnaijua "haya" yake. Akishaisema, habari hiyo hutaisikia tena mpaka siku ya kumbeba.

Wiki ikaenda: harusi ikaisha salama, mimi nikahamishiwa wodi ya wazazi, mtoto akang'oka jino. Kichwani ni Jumapili tu.

Mawazo huukimbiza moyo, sikatai. Lakini mbio za mawazo hupanda polepole na kushuka polepole, kama chai inayotokota halafu ikaepuliwa. Anayesema "iliwaka ghafla, ikazima ghafla, kama swichi" ana habari nyingine: umeme wa moyo umepata njia ya mkato unaizunguka, mapigo 150 mpaka 220 kwa dakika, na huweza kumkuta mtu anaosha vyombo hana hata wazo. Swali moja linatosha kuanza kutenganisha mambo hayo mawili. Sikuliuliza.

Sikumwambia hata "hebu nigongee". Mgonjwa hawezi kukueleza mapigo kwa maneno, ila mpe meza agonge kwa kidole. Wengine hugonga haraka lakini sawasawa. Wengine hugonga vizuri, kisha moja linawahi, kimya kidogo, halafu kishindo. Wengine hugonga ovyo kabisa, hakuna mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Hao wa mwisho ndio wanaonitisha, hasa aliyewahi kuambiwa utotoni kwamba valvu ya moyo, yaani mlango wa kupitisha damu, imeharibika baada ya homa na maungo kuvimba. Damu hutuama kwenye chumba cha juu, ikaganda, na donge likienda kwenye ubongo ni kiharusi. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anajisikia vizuri.

Usiku wa Jumatatu nikawa nauhoji ukuta. Je, amewahi kuzimia, au karibu kuzimia? Huja akipanda ngazi na ndoo? Kifua kinauma? Pumzi zinakata? Kwenye ukoo wao kuna aliyeanguka akafa ghafla kabla ya miaka 40? (Nimeolewa humo miaka yote hiyo na silijui jibu.) Lingekuwapo moja katika hayo, halingoji kesho. Na anayezimia asipakiwe nyuma ya bodaboda, maana akizimia tena ataanguka barabarani.

Alhamisi nikashindwa, nikamfuata kwenye cherehani yake. "Wifi, nigongee huyo samaki wako."

Akanitazama. Kisha akagonga mbao ya cherehani kwa kastabini iliyokuwa kidoleni: ta, ta, ta, ta-ta… kimya… TA. "Hiyo ya mwisho," akasema, "ndiyo inanishtua."

Nilicheka kwa raha! Pigo limewahi, moyo ukapumzika kitambo, chumba kikajaa damu kuliko kawaida, lililofuata likatoka kwa nguvu. Anachokisikia si lile lililoruka, ni lile lililofuata. Kwenye moyo mzima, mara nyingi halina madhara.

Kisha nikashika mkono. Vidole viwili chini ya shina la dole gumba, wala si dole gumba langu, maana lina mapigo yake. Sekunde 60 kamili. Ukihesabu 15 ukazidisha kwa nne, pigo linaloruka litakudanganya. 108, na amekaa. Mtu mzima aliyetulia ni 60 mpaka 100. Kicheko kikaniishia. Nikavuta kope la chini: jeupe. Hedhi? Siku nane, na pedi anabadilisha kila saa. Tangu lini? Tangu Ramadhani.

Ijumaa wingi wa damu ukasoma 7.9. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Damu ikiwa nyepesi hubeba oksijeni kidogo kila safari, basi moyo unaongeza safari. Haukuwa na mawazo yoyote, ulikuwa kazini.

Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi, lakini hicho hurekodi sekunde kama 10, na siku ina 86,400. Kisipomkuta samaki akiruka, hakijasema hayupo. Daktari akapima na tezi ya shingo, akauliza dawa za mafua, vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za kukojosha. Hana hata kimoja. Kwa kuwa hahemi akiwa amekaa na kifua hakiumi, hakuongezwa damu. Amepewa vidonge vya madini ya chuma (ferrous sulfate) vya miligramu 200, kimoja kwa siku kabla ya kula, ameze na maji ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi, asishtuke. Chai ya rangi ikae mbali kwa saa mbili, na hapo ndipo tulipogombana. Tutapima tena baada ya wiki nne, na hata damu ikirudi ataendelea miezi mitatu kujaza akiba. Jumanne ni ultrasaundi ya kizazi, maana vidonge bila kujua damu inakotoka ni kujaza pipa lililotoboka.

Tukiwa kwenye daladala kurudi nikamwambia, "Wifi, ungeniambia mapema."

"Nilikwambia Jumapili."

Akageukia dirishani.