Nilivyopata mchoro wa rangi ya mafuta kutokana na picha ya mlango wa Mji wa Kale

Ami yangu wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, alipotaka mchoro mkubwa wa mlango wa nakshi wa nyumba yao, autundike sebuleni, alinijia mimi kwa sababu nina kamera, wala si kwa sababu najua kushika brashi. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa nimeizoea GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakati huo wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Programu hiyo ina kichujio cha rangi ya mafuta, yaani amri inayoigeuza picha ifanane na mchoro wa rangi hiyo, lakini kikitumiwa peke yake hujulikana mara moja, kwani picha nzima, kuanzia anga hadi misumari ya mlango, hupata mabaka ya ukubwa mmoja. Kwa kila pikseli, yaani nukta ndogo ya rangi inayounda picha, kichujio hutazama pikseli jirani ndani ya eneo ulilopanga, hutafuta rangi iliyojitokeza zaidi humo, kisha huiweka mahali pa ile ya awali. Hakitambui kwamba ua lililochongwa juu ya mlango lina thamani kuliko ukuta wa chokaa ulio kando yake. Mchoraji hutambua, naye huupitishia ukuta brashi pana na kuziwekea nakshi brashi nyembamba. Sehemu kubwa ya kazi yangu, basi, ilikuwa kuamua mwenyewe kipi kipotee na kipi kibaki.

Kabla ya kugusa kichujio nilishughulikia vivuli. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua la mchana katika vichochoro vya Ndia Kuu hufanya ukuta ung'ae hadi usionekane, huku chini ya roshani kukiwa giza tupu, ambalo kichujio hulifanya doa lisilo na umbo. Nilipiga picha asubuhi mapema, nikainua mwanga wa sehemu za giza, kisha nikazitia buluu kidogo, kwa mfano wa Claude Monet na wenzake wa Ufaransa katika karne ya 19, ambao waliepuka kuchora vivuli kwa weusi mtupu.

Baada ya hapo nilirudufu picha katika matabaka matatu. La chini lilipata mabaka makubwa, la kati madogo, na la juu nililainisha kwa kichujio cha Kuwahara kilichomo katika nyongeza ya G'MIC. Kichujio hicho, ambacho asili yake ni kazi ya mtafiti wa Kijapani Michiyoshi Kuwahara ya kusafisha picha za kitabibu za moyo katika miaka ya 1970, hugawa ujirani wa kila pikseli katika miraba minne, huchagua mraba ambao rangi zake zinatofautiana kidogo zaidi, na kuchukua wastani wake. Kwa njia hiyo uso hulainika lakini kingo hazififii, jambo ambalo nakshi zinalihitaji hasa. Kisha niliyapa matabaka ya juu maski, yaani kifuniko cha kuficha sehemu za tabaka, nikapaka nyeusi palipofaa kufichwa na kuacha nyeupe palipofaa kuonekana. Ieleweke kwamba vipimo vya vichujio huhesabiwa kwa pikseli: kipimo cha 4 kinachopendeza kwenye nakala ya majaribio yenye upana wa pikseli 1000 kitahitaji kuwa 16 kwenye picha yenye upana wa pikseli 4000.

Kilichonichukua muda mrefu, na ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichouondolea mchoro sura ya kompyuta, ni kusugua rangi kwa mkono. Nilitumia chombo cha kuvuta rangi chenye brashi ya kingo zilizochakaa, nikifuata umbile la kila kitu: mbao kwa kufuata nyuzi zake, ukuta kwa mivuto mifupi isiyo na mpango, kivuli kwa mshazari. Misumari ya shaba niliiacha karibu ilivyokuwa, nikaongeza kwenye kila mmoja tone dogo la rangi ya manjano iliyopauka.

Kuhusu uchapishaji, picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000, hutoa takriban nukta 240 kwa kila inchi kwenye karatasi ya A3. Picha ya kawaida ingepungukiwa kidogo na kiwango cha 300 kinachopendelewa, lakini mchoro hauna vijinywele vya kupotea, hivyo ami alipotaka ukubwa maradufu sikusita. GIMP pia ina kichujio cha kuigiza mfumo wa turubai; nilikizima kabla ya kupeleka faili, kwa kuwa tulichapisha juu ya turubai halisi, na nyuzi za bandia zikikutana na za kweli hugongana.