Nilivyochagua transiva ya maporomoko ya theluji nikiwa Nakuru

Kifaa changu cha zamani cha kumtafutia mtu aliyefukiwa na theluji nilikikuta ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha wageni, nyumbani kwangu Nakuru, kikiwa kimeviringishwa katika soksi ya sufu. Nilikuwa nimekiweka pale miaka tisa iliyotangulia, niliporejea kutoka Innsbruck, Austria, nilikokuwa nikisoma, na nilikiacha na betri zake ndani. Nilipofungua kifuniko kwa bisibisi ndogo niliona kwamba betri mbili zilikuwa zimevuja: unga mweupe ulikuwa umezizunguka, na kile kibati kinachogusa ncha ya betri kilikuwa kimeota kutu ya kijani iliyobanduka nilipoigusa kwa ukucha. Juma hilohilo rafiki yangu wa masomoni alikuwa ameniandikia akinialika niende mwezi wa Februari, tupande tena milima kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kama zamani, tukiwa watu wanne. Nilikuwa nimekwisha kumjibu kwamba nitakuja.

Wakenya wengi wakisikia habari za ski humkumbuka Philip Boit wa Eldoret, aliyeiwakilisha nchi yetu katika Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998. Boit alishindana kwenye njia iliyotayarishwa na kukaguliwa. Sisi tulikuwa tukipanda wenyewe, tukiwa tumebandika chini ya ski kitambaa maalumu kinachozizuia zisiserereke nyuma, hadi mahali pasipo na lifti wala mlinzi, kisha tunashuka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga. Theluji hiyo hulala kwa matabaka. Tabaka la juu likiwa limeshikamana kama ubao huku la chini yake likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 unaweza kutosha kulikata tabaka zima na kuliporomosha. Poromoko likisimama, theluji hukaza kiasi kwamba aliyefukiwa hawezi hata kuinua mkono wake, sembuse kujichimbua.

Ndiyo maana kila mmoja huvaa kifuani transiva, kifaa kinachoenea kiganjani ambacho muda wote hutuma mpigo wa mawimbi ya kilohezi 457. Mtu akifukiwa, waliosalia juu hugeuza vifaa vyao kutoka kutuma hadi kutafuta, na kwa mshale na namba za umbali wanazoziona kwenye skrini wakamfuata alipo. Muda wenyewe ni mfupi mno. Takwimu za Uswisi za takriban miaka 40 zinaonyesha kwamba kati ya watu 10 waliofukiwa kabisa, wapatao 9 hukutwa hai wakitolewa ndani ya dakika 10. Wakikaa dakika 30, hubaki hai karibu 3 tu. Helikopta ni nadra kuwahi katika dakika 10. Anayewahi ni mwenzako aliyekuwa hatua chache nyuma yako.

Takwimu hizo zilinifanya niketi na kulipima upya jambo ambalo hadi hapo nilikuwa nikilifikiria kama ununuzi wangu binafsi. Nikifukiwa mimi, transiva yangu itakuwa na kazi moja tu, ya kutuma. Itakayonitafuta ni ile iliyo mkononi mwa mwenzangu. Uwezo wote wa kutafuta ninaoulipia, yaani antena, mishale na programu ya ndani, ninawalipia wenzangu watatu. Kwa hiyo swali la iwapo nibane matumizi nikalazimika kuliuliza hivi: je, niko tayari mtoto wa mwenzangu akue bila baba kwa sababu nilitaka kuokoa shilingi elfu kadhaa? Nililiuliza kwa maneno hayo hasa, na lilinisaidia kila nilipovutwa na bei.

Nilivutwa, sikatai. Niliisafisha ile ya zamani kwa siki na mswaki mkuukuu, nikaikausha juani kutwa nzima, nikatia betri mpya, nayo ikalia. Ilikuwa ya antena moja, ya aina ambayo mtafutaji hupunguza sauti kwa kitufe cha kuzungusha na kusikiliza mlio unavyopanda na kushuka kadiri anavyotembea. Wakati ule nilikuwa na sikio la kazi hiyo, kwa kuwa tulifanya mazoezi kila Jumamosi ya msimu. Miaka tisa bila mazoezi huliondoa sikio hilo, na sikuona busara ya kulitegemea siku ambayo moyo utakuwa ukinidunda masikioni.

Nilimwandikia rafiki yangu kumuuliza wao watatu wanatumia vifaa gani. Wote walikuwa na vifaa vya dijitali vya antena tatu, akanieleza kwa nini hatakubali mtu wa kundi lake awe na pungufu ya hapo. Mawimbi hayamtoki aliyefukiwa kwa mstari ulionyooka. Huzunguka na kurudi kwake kwa mikunjo, mfano wa njia za mifugo zinazozunguka kilima badala ya kukikata katikati. Mtafutaji huifuata mikunjo hiyo, na hadi hapo hata antena mbili zinatosha. Shida huja karibu na mwisho, hasa pale kifaa cha aliyefukiwa kinapokuwa kimesimama wima chini kabisa: mtafutaji mwenye antena mbili huweza kuona sehemu mbili zenye nguvu, zote zikiwa pembeni mwa mtu mwenyewe, akaanza kuchimba pasipo mtu. Antena ya tatu huliondoa kosa hilo. Kuchimba ndiyo kazi inayokula muda mwingi kuliko zote, na ukianza shimo mahali pasipofaa umempotezea mtu uhai wake.

Baada ya hapo mengine yalikuwa ya kuchuja. Umbali mkubwa wa kupokea unaotangazwa na watengenezaji sikuufukuzia sana, maana vifaa vizuri vyote vinatosha ukijua upana wa njia unayopaswa kuipitia ukitafuta, nao huandikwa mgongoni mwa kifaa. Nilitaka kitufe cha kuweka alama, ili waliofukiwa wakiwa wawili niweze kumnyamazisha kwenye skrini yule niliyekwisha kumpata na kumwendea wa pili. Nilitaka pia swichi kubwa ninayoweza kuisukuma nikiwa nimevaa glavu nene, na hilo nilijaribu hivi: nilivaa glavu za kuokea za mke wangu na kushikashika rimoti ya televisheni kwa dakika kadhaa, nikaona jinsi vitufe vidogo vinavyoponyoka chini ya kidole. Vifaa vitatu vilivyokuwa katika orodha yangu niliviondoa kwa sababu hiyo peke yake.

Kuhusu betri nilisita zaidi. Vipo vifaa vipya vya kuchajiwa kama simu, navyo havina ubaya. Nilichagua cha betri tatu ndogo za alkali, za ukubwa wa AAA, kwa sababu hizo ninazipata katika duka lolote la Nakuru na katika kijiji chochote cha milimani kule. Lakini sharti lake lizingatiwe: kifaa kilichoundwa kwa betri za alkali hakitiwi za kuchaji, kwa kuwa asilimia kinachokuonyesha huwa si ya kweli, na kinaweza kuzima ghafla ukidhani bado kina nguvu.

Binamu yangu anayeishi Munich alikuja Krismasi akiwa na kifaa nilichokichagua mkobani. Kilinigharimu zaidi ya shilingi 40,000. Nakuru sikujua mtu mwingine aliyekuwa na kifaa kama hicho, na ili kufanya mazoezi vinahitajika viwili, kimoja kitume na kingine kitafute. Hapo ndipo ile ya zamani ilipopata kazi.

Mama ana shamba Njoro. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, na mabua yalikuwa yamelazwa chini kwa mistari, mahali pazuri pa kuficha kitu. Nilimpa mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na miwili, transiva ya zamani ikiwa katika hali ya kutuma, ndani ya kopo la plastiki, nikageuka nikatazama ukuta wa choo hadi aliponiita, “Mjomba, tayari!” Yeye ndiye aliyeshika saa.

Mara ya kwanza nilitumia dakika saba. Namba zilirukaruka, mshale ukanipeleka kulia kisha kushoto, nikawa ninakimbia bila mpango. Tulipoketi kutafakari niligundua kwamba simu ilikuwa katika mfuko wangu wa shati, sentimita chache kutoka kwenye kifaa. Kanuni ni kwamba simu, saa ya kidijitali na kitu chochote cha umeme viwe angalau sentimita 20 kutoka kwenye transiva inayotuma, na sentimita 50 kutoka kwenye inayotafuta. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi. Niliiacha simu kwa Mama, nikarudia, na namba zikatulia, isipokuwa upande wa barabarani, chini ya waya za umeme, ambako ziliendelea kuyumba. Tulihamia mwisho mwingine wa shamba.

Nilichohitaji kujifunza upya kwa mwili wangu ni mwendo. Mbali unaenda mbio. Namba zikishuka chini ya mita 10 unatembea, na zikifika 3 unapiga magoti na kukishusha kifaa hadi kiguse ardhi, ukikisogeza polepole kwa mstari mmoja bila kukigeuza, hadi upate namba ndogo kuliko zote, kisha kwa mstari unaoukata ule wa kwanza. Pale ndipo unapochoma theluji kwa ufito mrefu ili kumgusa aliyefukiwa. Ufito huo sikuwa nao, kwa hiyo nilitumia fimbo ndefu ya kuangushia parachichi, nikichoma kwa mzunguko unaopanuka, kila tundu likiwa sentimita 25 kutoka kwa lililotangulia. Mpwa wangu alinikaripia kila nilipokigeuza kifaa mkononi, naye alikuwa na haki, kwa sababu ukikigeuza namba hubadilika na hujui tena kama ni umbali au ni mkao. Kufikia Jumamosi ya nne nilikuwa nikilipata kopo kwa chini ya dakika tatu, mara nane kati ya kumi. Zile mara mbili nilikuwa nimeharakisha mwishoni.

Kuna jambo lililonitatiza muda huo wote. Kifaa kipya hakikuwahi kuinasa ile ya zamani zaidi ya mita 18, hata uwanda ukiwa mtupu na betri zikiwa mpya. Mwanzoni nilidhani tatizo liko katika kile kipya. Nilipofika Innsbruck na kujaribu na wenzangu katika uwanja nyuma ya nyumba, kilimnasa rafiki yangu akiwa zaidi ya mita 40 kutoka kwangu. Basi kasoro ilikuwa katika ile ya zamani. Mitambo hii ikizeeka, mawimbi yake yanaweza kuhama kidogo kutoka kilohezi 457, na vifaa vya kisasa, ambavyo husikiliza katika ukanda mwembamba, humsikia mwenye kifaa hicho vikiwa vimemkaribia sana tu. Inalia vizuri na taa inawaka, na mwenyewe hana njia ya kujua. Laiti ningeenda nayo kwa sababu tu ilikubali kuwaka baada ya siki na jua, wenzangu wangetembea juu yangu huku na huku dakika nzima wakitafuta mpigo wa kwanza.

Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya kupanda, rafiki yangu alitangulia hatua ishirini, akasimama kifaa chake kikiwa katika hali ya kutafuta, akatuagiza tupite mbele yake mmoja baada ya mwingine kwa nafasi. Nilipopita, kililia, akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuza cha kwake kuwa cha kutuma, nasi mwishowe tukamkagua yeye. Tulifanya hivyo kila asubuhi kwa siku sita, hata siku ambayo kiwango cha hatari kwenye taarifa ya asubuhi kilikuwa 1 kati ya 5. Tulipokuta kiwango 3 na upepo umejaza theluji kwenye miteremko ya mashariki, tulibaki msituni kwenye mteremko mpole, na hakuna aliyelalamika. Hakuna kilichoporomoka safari nzima.

Sasa kifaa kimo ndani ya kabati, juu, pakavu, bila betri. Nilipozitoa zilikuwa na asilimia 62, na kwa kuwa safari ijayo sitaanza na pungufu ya 100, nilizipeleka Njoro. Mbili ziko katika rimoti ya televisheni ya Mama, na ya tatu ameitia katika saa ya ukutani jikoni.