Aaa

Tangu Jumanne naisikia hiyo "aaa" tu.

Nilimwendea bosi na kikaratasi changu, nikamwomba aniingize kwenye orodha ya mafunzo ya ofisi mtandao, siku tano, Dodoma. Bosi mnamjua, ni yule kijana niliyemwonyesha namna ya kuandika namba ya folio, ile ya kila karatasi ndani ya jalada, alipokuja hapa masijala kwa mafunzo ya vitendo. Akaniuliza, "Mama Neema, umebakiza miaka mingapi kustaafu?" Nikasema tisa. Akasema "aaa", akarudi kwenye simu yake.

Ilikuwa aaa ya "kumbe bado mingi", au ya "basi tumwache apumzike"? Nimemwigizia Baba Neema mara tatu, kila mara inatoka tofauti. Anasema ile ya mara ya pili ndiyo nzuri, kana kwamba nachagua kitenge.

Si posho. (Haya, na posho pia.) Majalada yanahamia kwenye mfumo. Barua ikiingia inaskaniwa, inapewa namba, inamfikia Mkurugenzi bila kupita mkononi mwa mtu. Enzi za OPRAS, ule upimaji wa utendaji wa watumishi ulioanza 2004, fomu zilijazwa kwa kalamu na mwisho wa yote zinarudi kwangu, natoboa, nafunga uzi. Sasa ni PEPMIS, upimaji huohuo lakini wa mtandaoni, kila mtumishi anajaza kwenye simu yake, na ile rafu yangu ya fomu imeota vumbi. Miaka tisa bila kuujua mfumo, nitakuwa nalinda nini? Chumba?



Jana usiku likanijia jambo lingine, na silipendi. 2007, nimetoka Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, cheti bado kinanukia wino. Pale masijala kulikuwa na mzee mmoja, anakutajia jalada lilipo bila kufungua rejesta. Akaniomba nimfundishe kompyuta. Nikamwambia, "Mzee wangu, ya nini tena sasa hivi?" nikacheka. Naye akacheka. Akaenda kuchemsha chai, akanimiminia na mimi.

Hakuniomba tena. Na chai niliinywa yote.

Haya, nalala. Mama kule kijijini mguu umemvimba tena. Dada anasema ni chumvi, lakini safari hii ni wa kushoto peke yake.