Makuta (pesa) ya mashine niliyapeleka kwenye fishi na kichwa cha Mzee

Kila aliyenishauri alianza na mashine. Mtu wa benki, shemeji yangu mwenye malori ya Kasumbalesa, wote neno moja: chukua mkopo, nunua mashine ya kusukia koili za mota za umeme, atelye ikue. Sikununua, na leo atelye yetu ya bobinaje, yaani karakana ya kusuka upya mota zilizoungua, hapa Kampemba ina kazi kuliko wakati wowote. Naandika kwa sababu vijana wengi wa Lubumbashi wanaofungua kampuni wanapewa ushauri huohuo na kuingia deni.

Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imetenga kazi za sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni moja inazipa nyingine izifanye kwa niaba yake, kwa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani, nasi tukapata mlango wa migodini. Kule tukakuta wateja wamechoka kusukiwa mota ileile kila mara. Walitaka mtu wa kuwaambia kwa nini imeungua. Mashine haijibu swali hilo. Aliyeweza kulijibu ni Mzee wetu, bobineri (fundi wa kusuka koili) mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali.

Koili za mota hizi ziko makundi matatu, kila kundi na njia yake ya umeme, ndiyo fazi. Fungua mota ambayo fazi zake zimeunganishwa kwa nyota: ukikuta koili za fazi mbili nyeusi na za fazi ya tatu safi, jua fazi moja ya umeme ilikatika. Ikiwa zimeunganishwa kwa pembetatu, ni fazi moja inayoungua na mbili zinapona. Zikiwa nyeusi zote sawasawa, mara nyingi mota ilibebeshwa mzigo kupita nguvu yake au ilikosa hewa ya kuipoza. Mzee anayasoma hayo kabla hujamaliza kutoa kifuniko. Hiyo ndiyo mali tuliyokuwa nayo, na haikuwa imeandikwa popote.

Kwanza tulijaribu darasa. Ubao, chaki, viti, kila Jumamosi asubuhi. Mzee alisimama mbele akasema, “Mota ni sumaku,” akanyamaza, akatazama mikono yake. Vijana wakasinzia. Jumamosi iliyofuata hivyohivyo, na mwishowe akaniambia, “Mwanangu, mimi sijui kusema, najua kuona.” Nikafuta darasa, nikabuni mchezo. Mota iliyoungua inaletwa mezani, Mzee amekaa pembeni haruhusiwi kusema kitu. Kila kijana anataja sababu na kuitetea. Anayepatia namlisha mchana bukari (ugali) na samaki wa tomsoni. Basi, kijana akisema upuuzi, Mzee hawezi kuvumilia! Anainuka, anamnyang'anya bisibisi, anafoka: “Huoni waya umeyeyuka hapa tu? Huyu alipigwa na radi, si mzigo!” Na akiwa na hasira maneno yanamtoka mazuri, yamepangika. Dada mmoja alikuwa kazi yake ni kuandika tu. Daftari zile siziuzi hata kwa bei ya mashine mbili.

Kutoka hapo zikazaliwa fishi, karatasi ya kumbukumbu kwa kila mota. Hakuna anayekata waya kabla ya kujaza: idadi ya tundu za stata (sehemu ya mota isiyozunguka, inayobeba koili), mizunguko ya kila koili, unene wa waya, hatua ya koili (kutoka tundu lipi hadi lipi), picha ya palipoungua, mota ilifanya kazi gani na wapi. Fishi kamili inalipwa pembeni ya mshahara, pungufu hailipwi. Usibane hapo. Na nakala ya pili ilale nyumba nyingine, si atelye.

Kontabule wangu, mtu wa hesabu, alilalamika. Katika SYSCOHADA, kanuni za hesabu za kampuni tunazofuata, chombo kinaingia kwenye mali, lakini kumfundisha kijana ni gharama ya mwaka huohuo, kwa hiyo mwaka ule karatasi zetu zilionekana dhaifu na benki ikakunja uso. Nilimwambia aandike kama sheria inavyotaka, ila uamuzi wa makuta yaende wapi siupokei kutoka kwenye karatasi hiyo. Hoja yao moja naikubali: ujuzi ulio kichwani mwa kijana unaweza kuondoka kesho. Kweli, fundi wetu hodari alichukuliwa na mgodi. Alikwenda, fishi zikabaki, na aliyempokea hakuanza sifuri.

Faida ilionekana tulipopanga fishi za mteja mmoja. Mota za jengo moja zote ziliungua kwa namna ileile, fazi mbili nyeusi. Ubovu haukuwa kwenye mota, ulikuwa kwenye kontakta, swichi ya kuwashia mota, iliyolika ikawa inakata fazi moja. Tuliibadilisha, tukaweka rele ya kulinda fazi, kitu cha dola chache ukilinganisha na kusuka upya. Sasa analipa kila mwezi tumpimie mota zake zikiwa nzima.

Mwaka huu ndipo nilinunua chombo kikubwa, na fishi ndizo zilizonichagulia: tanuri lenye kipimo cha joto. Zilionyesha kwamba mota zilizochomwa kwa moto wa makaa ili kutoa koili za zamani, hasa zile tulizopokea kutoka atelye nyingine, zilirudi zikiwa na joto lisiloelezeka. Chuma cha stata kimepangwa kwa bati nyembamba zenye ngozi ya kuzitenganisha. Moto ukizidi kama nyuzi 370, ngozi hiyo inaweza kuharibika, na mota inakula umeme mwingi hata ukiisuka vizuri namna gani. Tanuri letu halivuki 350. Mashine ya kusuka bado sijaiona ikidaiwa na fishi hata moja.