Sanaa ya Bamvua, Jambiani

Mwezi ulikuwa mpevu tuliposhuka kwenye daladala Jambiani, Unguja, na mabunda yetu ya kamba za usumba. Bamvua ndiyo tuliyoifuata. Siku hizo maji yakitoka yanatoka kweli, bahari inarudi hadi karibu na mwamba, na linabaki jangwa la mchanga mweupe lenye madimbwi. Humo tulitaka kulaza kamba, tuchore kitu kikubwa ambacho watu watatembea juu yake kabla maji hayajajaa.

Wazo lilitoka kwenye kazi za sanaa za majangwani. Mwaka 1970 msanii Robert Smithson alijenga Spiral Jetty ukingoni mwa Great Salt Lake huko Utah, Marekani: gati la mawe meusi na udongo, lenye urefu wa mita 460 hivi, lililojikunja kama konokono. Baada ya miaka michache ziwa lilipanda likalifunika, na likakaa chini ya maji karibu miaka 30. Misri nako, Desert Breath, kazi ya koni na mashimo ya mchanga iliyokamilika 1997 karibu na Bahari ya Shamu, upepo unazila koni zake za mchanga kidogo kidogo. Nazipenda kazi hizi kwa kuwa zimeridhia kuliwa. Ila zinasimuliwa kana kwamba mahali pale hapakuwa na mtu, na hilo silikubali. Jambiani hakuna mchanga usio na mwenyewe.

Kamba ilikuwa imefika nusu wakina mama walipotokea na taitai zao, vikamba vya kufungia mwani, wakienda kwenye mwani. Kilimo hicho kipo pwani hii tangu 1989, na mashamba yana njia zake ingawa mgeni haoni hata moja. Bibi mmoja akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnatega nini, wanangu?"

"Hatutegi, tunachora."

"Haya, choreni. Lakini hapa ndipo tupitapo na magunia. Ipindeni, ipite kule kwenye makumbi."

Makumbi ya nazi yamefukiwa mchangani kwa miezi yalainike, juu yake mawe yamepangwa duara, kila mtu na duara lake. Bibi akaondoa mawe mawili, harufu ya uvundo ikatupiga usoni. Akachomoa kumbi jeusi, akaliponda kwa rungu, akalisuuza dimbwini, akaanza kusokota nyuzi kwa kiganja juu ya paja. Kamba tuliyonunua mjini ilizaliwa mahali kama hapa. Kipande chake akakiunga kwenye mwisho wa yetu kwa fundo, na mchoro ukaendelea kati ya yale maduara ya mawe, mzuri kuliko tuliokuja nao kichwani.

Watoto waliufuata mbio. Mvuvi wa pweza aliutembea taratibu hadi katikati, mkuki begani, akauliza, "Sasa hapa ndiyo nini?" Mama mmoja akamjibu, "Ndiyo umefika." Tukakaa naye hapo, tukazungumza mpaka maji yakafika vifundoni.

Kamba tuliikusanya yote, maana ikiachwa inakwenda kunasa kwenye mashamba. Wakina mama wakaichukua: banda lao la kuanikia mwani lilikuwa linangoja kuezekwa.